Jackson Pollock: Mchoraji Aliyelitandika Turubai Sakafuni

Jackson Pollock alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Cody, jimbo la Wyoming, nchini Marekani. Alisomea uchoraji jijini New York chini ya Thomas Hart Benton, lakini jambo lililomfungua macho alikutana nalo mwaka 1936 katika karakana ya David Alfaro Siqueiros, mchoraji kutoka Mexico, ambako rangi za viwandani zilimwagwa na kupulizwa.

Mwaka 1945 alimwoa Lee Krasner, naye mchoraji hodari ambaye sifa zake zilichelewa mno, wakahamia Springs, kisiwani Long Island. Humo bandani alitandika turubai sakafuni, akalizunguka akidondosha rangi kwa vijiti na brashi zilizokakamaa.

Rangi ya mafuta ni nzito. Hubaki imetuna na hukawia kukauka. Ya enameli, ile ipakwayo nyumba, hutiririka kama uzi. Ya alumini hurudisha nuru. Alizipanga tabaka juu ya tabaka, kila moja ikifuata tabia yake, na pale turubai lilipokuwa tupu, rangi ilinywewa papo hapo, kosa lisifutike. Katika Full Fathom Five ya mwaka 1947 alichanganya hata misumari, vifungo, sarafu na ufunguo.

Ulevi, aliouacha kwa takriban miaka miwili, ulimrudia mwishoni mwa 1950. Tarehe 11 Agosti 1956, akiwa na miaka 44, alikufa katika ajali ya gari aliloliendesha amelewa. Abiria mmoja naye akapoteza maisha. Krasner alilirithi banda lile, akachorea humo.