Nahodha na Senti za Mwisho

Soma kwa ajili ya somo hili: Mathayo 6:25–34, Wafilipi 4:6, 7, 1 Petro 5:7.

Joseph Bates alizaliwa mwaka 1792 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, akakulia Fairhaven, mji wa pwani. Alianza kazi ya ubaharia akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1810 alikamatwa mjini Liverpool na kulazimishwa kutumika katika jeshi la majini la Uingereza. Vita ilipozuka kati ya nchi hizo mbili akafanywa mfungwa, na hakuachiliwa hadi mwaka 1815. Baadaye akawa nahodha. Alipostaafu mwaka 1828 alikuwa na zaidi ya dola 11,000, fedha za kutosha kwa familia kuishi bila hofu wakati ule.

Lakini mwaka 1839 Bates aliupokea ujumbe wa William Miller kuhusu marejeo ya Yesu, akaitumia mali yake kuutangaza. Baada ya Uchungu Mkuu wa mwaka 1844 karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mwaka 1845 aliipokea Sabato, na mara akasikia mzigo moyoni wa kuandika kitabu juu yake.

Siku moja alipokuwa akiandika, mkewe Prudence alimwambia kwamba unga hautoshi kumaliza kuoka mikate. Bates alikuwa na senti 12 na nusu tu. Alikwenda dukani akarudi na paundi 4 za unga, yaani chini ya kilo 2. Prudence alishangaa kuona nahodha mzima analeta unga kidogo namna ile. Ndipo mumewe alipomweleza kwamba hizo zilikuwa senti zake za mwisho. Prudence alilia. Hakuwa amejua kwamba hali imefikia hapo. Alitaka kujua wataishi vipi, na jibu pekee alilopata ni kwamba Bwana atawapa.

Tusimlaumu Prudence haraka. Imani ya mumewe ilikuwa imara, lakini aliyekuwa akitazama debe tupu jikoni ni yeye.

Muda mfupi baadaye Bates alisikia msukumo wa kwenda posta. Kulikuwa na barua yake, ila ada ya senti 5 ilikuwa haijalipwa, naye hakuwa na kitu. Mkuu wa posta alikuwa tayari kumwachia alipe baadaye, lakini Bates hakutaka kuichukua kwa deni. Aliomba ifunguliwe kwanza. Ndani yake mlikuwa na dola 10. Mtumaji alieleza kwamba alisukumwa na Bwana kuzituma, akiamini kwamba Bates ana uhitaji. Bates alilipa ada, akanunua pipa zima la unga na vyakula vingine, vyote vikapelekwa nyumbani kwa Prudence.

Angalia jambo moja. Barua ile ilikuwa imetumwa kabla senti za mwisho hazijatumika na kabla machozi ya Prudence hayajadondoka. Baba wa mbinguni hakungoja kuambiwa. Kumtwika Yeye fadhaa zetu si kumpa habari mpya, bali ni kuukabidhi mzigo kwa Yule ambaye tayari ameanza kuushughulikia.

Hata hivyo, si kila jibu lilifika siku ileile. Prudence hakuikubali Sabato pamoja na mumewe. Kwa miaka kadhaa Bates aliitunza pasipo yeye, na Prudence akaipokea mwaka 1850. Mungu yuleyule aliyeleta unga kwa saa chache alimfundisha mtumishi wake kungoja miaka kwa ajili ya nyumba yake. Bates alilala mwaka 1872, akiwa bado anatumaini.

Kijitabu chake cha kwanza juu ya Sabato kilitoka mwaka 1846. James na Ellen White walikisoma, wakaanza kuitunza Sabato.

Maswali ya Kujadili

1. Je, ni sawa kumtumaini Mungu huku ukimficha mwenzi wako hali halisi ya fedha? Toa sababu.

2. Bates alikataa kuchukua barua kwa deni. Hilo linatufundisha nini juu ya imani na uaminifu?

3. Ni mzigo gani ulioukabidhi kwa Bwana, na bado unangoja? Darasa lenu linaweza kukusaidiaje unapongoja?