Fundi wa Upepo na Mafuta

Msomaji, wako watu ambao kazi zao tunazijua tangu utotoni, na wao wenyewe hatuwajui kabisa. Mmoja wao ni Ferdinand Porsche. Mimi nilianza kumtafakari siku niliyokwama Mwala, huko Machakos, nikirudi Kitui. Rejeta ya gari letu ilikuwa imepasuka na maji yote yamemwagika barabarani. Tukavutwa mpaka penye gereji ya chini ya mti, tukangoja.

Chini ya mti ule nikaona jambo la ajabu. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameinamia Porsche 911 ya zamani, aina ya magari ya mbio ambayo hayana rejeta wala tone la maji. Mwenyewe aliileta kutoka Nairobi ili itengenezwe kwa mashindano ya magari makuukuu. Fundi akanieleza kwa upole kwamba injini ile hupozwa na upepo wa feni na kwa mafuta yake yenyewe. Mafuta yakichemka mno huwa mepesi kama maji, na vyuma hulana. Basi kazi yake siku ile ilikuwa kuyaongezea mafuta njia ya kupoa.

Niliporudi Mombasa nikayatafuta maisha ya mtu aliyeiacha fikra ile duniani.

Ferdinand Porsche alizaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, huko Bohemia, ambako leo ni nchi ya Cheki. Baba yake, Anton, alikuwa mfua mabati, na alitaka mwana airithi kazi hiyo. Kijana akapenda umeme. Mwaka 1900 gari alilolibuni kwa kampuni ya Lohner ya Vienna lilionyeshwa Paris, likiendeshwa kwa mota za umeme zilizowekwa ndani ya magurudumu. Mwaka 1906 akaingia Austro-Daimler, na huko, kabla ya Vita Kuu vya Kwanza, akaunda injini ya ndege yenye silinda nne zilizolala ubavu kwa ubavu, ikipozwa na upepo. Mbegu ilikuwa imekwisha pandwa.

Mwaka 1931 akafungua ofisi yake mwenyewe mjini Stuttgart. Mwaka 1934 serikali ya Hitler ikampa kazi ya kubuni gari rahisi la raia, nalo ndilo Volkswagen lenye mgongo wa kobe. Injini yake ilichorwa na Franz Xaver Reimspiess, aliyefanya kazi katika ofisi hiyo. Wala fikra yote haikuwa yao peke yao, kwani Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra alikuwa ametangulia kuunda magari yanayopozwa na upepo. Tatra ilidai haki yake, na fidia ililipwa katika miaka ya 1960, Porsche akiwa kaburini.

Injini ile ilibeba lita mbili na nusu tu za mafuta. Haikuwa na chujio la kubadilishwa, ila wavu wa kuzuia takataka kubwa. Kipoza mafuta kilisimama ndani ya njia ya upepo wa feni, kikaikinga silinda ya tatu isipate upepo wa kutosha, na silinda hiyo ikawa na desturi ya kuungua vali kabla ya wenzake. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika magari ya modeli ya mwaka 1971, kipoza kilipohamishwa pembeni. Porsche alikuwa amefariki miaka ishirini kabla.

Hata hivyo gari lilifaa nchi zetu za joto na mavumbi. Katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, Volkswagen lilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Wazee wetu walilipenda kwa sababu halikuomba maji njiani.

Lakini, msomaji, maisha ya mtu hayasomwi katika injini peke yake. Porsche alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937. Wajerumani wapatao 336,000 walikuwa wakinunua stempu kila wiki ili wapate gari lao, na hakuna hata mmoja aliyepewa. Vita vilipokuja, kiwanda kikageuzwa cha jeshi, naye Porsche akiwa mmoja wa wakuu wake. Watu wapatao 20,000 walitumikishwa humo kwa nguvu, wakiwamo mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Wanawake waliozaa walinyang'anywa watoto wao, na huko Rühen watoto wachanga zaidi ya 300 walikufa kwa uchafu na kukosa matunzo. Nimeyasoma hayo nikaiweka kalamu chini. Porsche hakuwa mwanasiasa. Alikuwa fundi aliyetaka kazi yake itimie, asiulize inatimia kwa mgongo wa nani. Kwangu mimi hiyo si nafuu ya hukumu. Mwenye kuiona dhulma mlangoni pake akaendelea kuchora, naye ana fungu lake.

Mwisho wa mwaka 1945 Wafaransa walimkamata, akafungwa miezi karibu ishirini, akatoka mwaka 1947 afya imeharibika. Mwanawe Ferry ndiye aliyesimamia kazi huko Gmünd, Austria, na mwaka 1948 likatoka gari la kwanza lenye jina la ukoo wao, 356, likitumia injini iliyotokana na ile ya Volkswagen. Tarehe 30 Januari 1951 Ferdinand Porsche akafariki mjini Stuttgart, akiwa na umri wa miaka 75.

Waliobaki wakaendelea kujaza pengo. Mwaka 1963 ilionyeshwa 911, na injini yake ya silinda sita ilikuwa na mpango mpya. Mafuta hayakai chini ya injini. Pampu moja huyafyonza na kuyapeleka katika tangi la kando, na pampu ya pili huyarudisha kwa nguvu, ili katika kona na milima vyuma visikose mafuta. Tangu modeli ya mwaka 1969, 911S iliongezewa kipoza cha pili mbele, ndani ya bawa la gurudumu la kulia, na themostati huyafungulia mafuta njia yakishapata moto. Kwa magari ya aina hii Sobieslaw Zasada alikuwa wa pili katika Safari ya 1972, na Björn Waldegård wa pili mwaka 1974, nyuma ya Joginder Singh.

Fundi wa Mwala alikuwa katika mlolongo huohuo. Alikitoa kipoza cha zamani, ambacho ni bomba lililopindwa tu, akaweka chenye mapezi kama rejeta, akakikinga kwa wavu dhidi ya mawe. Kabla ya kufunga aliyasafisha mabomba yote kwa subira. Injini ikiwahi kuvunjika, vipande vya chuma hujificha humo, na kipoza kipya huviingiza injini mpya. Mwisho akaliweka gari mahali tambarare, akaliacha likinguruma mpaka lilipopata moto, ndipo akapima mafuta, kwa kuwa gari hili ukilipima limepoa hudanganya.

Sisi wa pwani tunakijua kipimo hicho kwa jina jingine. Mbao za jahazi hupakwa sifa, mafuta ya papa, zisikauke na kupasuka. Lakini kwanza chombo hukalafatiwa, pamba ikaingia katika kila ufa. Ukipaka sifa juu ya ufa, chombo hung'ara bandarini na kuzama baharini. Porsche amepakwa sifa nyingi, na za ufundi wake anazistahili. Pungufu za injini yake wamezijaza mafundi, mpaka huyu wa chini ya mti. Ufa wa Rühen hauna fundi. Tulilo nalo ni kuutaja kila tunapomtaja yeye.