Grant na Wenzake wa West Point

Niandikapo haya, sisi wa Kidato cha Nne tumo mbioni kujaziana vijitabu vya kumbukumbu. Kila mtu anaandika anwani yake, chakula akipendacho na ahadi kubwa kubwa kwamba hatutasahauliana hata meno yatung'oke. Juzi jirani yangu wa dawati aliniletea chake. Nikashika kalamu, nikakwama. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na sisi hapa tumekula maharagwe pamoja miaka minne. Je, baada ya miaka ishirini tutajuana kweli?

Hapo ndipo nilipomkumbuka Ulysses Grant, rais wa 18 wa Marekani. Katika somo la Historia jina lake hupitwa mbio mbio. Wanaomjua wanamjua kwa vita. Mimi nataka kukusimulia habari zake na watu aliosoma nao, maana ndio aliokuja kupigana nao, akawashinda, na baadhi yao ndio waliolisindikiza jeneza lake.

Grant alizaliwa tarehe 27 Aprili 1822 katika kijiji cha Point Pleasant, jimbo la Ohio. Babake, mzee Jesse, alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Kijana aliichukia kazi hiyo, harufu yake na damu yake. Alichopenda ni farasi tu. Mwaka 1839 mzee akamtafutia nafasi katika chuo cha kijeshi cha West Point, kando ya mto Hudson, bila hata kumuuliza kama anataka. Unajua wazazi! Mbunge aliyempendekeza akakosea jina. Kijana aliitwa Hiram Ulysses Grant, mbunge akaandika Ulysses S. Grant, na chuo kikakataa kusahihisha. Basi akabaki na kosa hilo hadi kaburini. Kwa kuwa U na S ni herufi za jina la nchi yao, na pia za Uncle Sam, yule mzee wa katuni anayesimama badala ya Marekani, makurutu wenzake wakambandika jina la Sam. Mpaka wakiwa wazee wa mvi, ukisikia mtu anamwita Sam, ujue alisoma naye.

Darasani hakuwa simba. Mwaka 1843 walihitimu vijana 39, naye akawa wa 21. Lakini kwa kuruka viunzi juu ya farasi hakuwa na mpinzani. Chumbani alilala na Frederick Dent, kijana wa karibu na St. Louis. Alipomtembelea kwao akamkuta dadake, Julia, na hao wakaoana mwaka 1848. Mbele yake kwa mwaka mmoja alikuwako James Longstreet, pande la mtu kutoka Kusini, jamaa ya huyo Julia. Nyuma yake kwa mwaka mmoja alikuwako Simon Buckner wa Kentucky. Yashike majina hayo mawili, Longstreet na Buckner.

Vijana hawa walipelekwa pamoja katika vita vya Mexico, mwaka 1846 hadi 1848. Baadaye Grant aliandika kwamba vita hivyo vilikuwa vya dhuluma, nchi yenye nguvu kuionea iliyo dhaifu. Mapigano yalipokwisha, yeye na Buckner na maafisa wengine waliamua kuupanda Popocatépetl, mlima wa volkano unaoupita hata Mlima Kenya wetu kwa urefu. Theluji na upepo viliwarudisha chini, macho yanawauma hawaoni njia. Nadhani watu waliowahi kushikana mikono gizani namna hiyo hawasahauliani kwa urahisi.

Kisha maisha yakamgeuka. Mwaka 1852 kikosi chake kilihamishiwa pwani ya Pasifiki kupitia Panama, na njiani kipindupindu kikaua watu wengi. Huko alikaa bila mke wala watoto, mshahara haba, upweke mwingi, na watu wakaanza kunong'ona kuwa anakunywa. Mwaka 1854 akajiuzulu, naye ni kapteni. Alifika New York mfukoni hana kitu, bili ya hoteli imemkaba koo. Nani akatokea? Buckner! Alikuwa akifanya kazi jijini humo, akamdhamini kwa mwenye hoteli mpaka pesa zilipofika kutoka kwa mzee Jesse. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya tabu tupu. Alijaribu kilimo karibu na St. Louis, kilimo kikamshinda. Akawa anapakia kuni kwenye gari la farasi na kuziuza mitaani, yeye aliyekuwa kapteni. Krismasi ya mwaka 1857 aliweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22. Ndipo siku moja Longstreet alipopita mjini humo. Yeye na wenzake wa jeshini walitaka kucheza karata hotelini, wakapungukiwa na mtu mmoja. Mwenzao akatoka kutafuta, akarudi na mtu aliyevaa nguo zilizochakaa. Kumbe ni Sam. Wakacheza, wakakumbushana ya zamani. Kesho yake Grant alimtafuta Longstreet na kumtia mkononi sarafu ya dhahabu ya dola 5, deni la miaka kama kumi na mitano. Longstreet alikataa katakata, akiona jinsi mwenzake alivyochoka. Grant naye akashikilia hadi ikapokelewa. Hakutaka kukaa na mali ya mtu.

(Hapa nikiri jambo. Huyo jirani yangu wa dawati ananidai shilingi mia moja za nauli tangu Kidato cha Pili. Hajawahi kuniuliza, nami nimekuwa nikijifanya nimesahau. Niliposoma habari za sarafu ile nilitazama dirishani kwa muda.)

Mwaka 1861 nchi yao ilipasuka. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, na West Point nayo ikapasuka. Longstreet akaenda Kusini. Buckner akaenda Kusini. Grant, ambaye wakati huo alikuwa akiuza bidhaa za ngozi katika duka la babake huko Galena, akarudi jeshini upande wa Kaskazini. Mwezi wa Februari 1862 aliizingira ngome ya Donelson, Tennessee. Majenerali wawili wakubwa wa Kusini walitoroka usiku, wakamwachia mdogo wao mzigo wa kusalimu amri. Na mdogo huyo alikuwa nani? Buckner, yule wa bili ya hoteli. Akaandika barua kuomba masharti. Nafikiri alitumaini urafiki ungesaidia. Wapi! Grant alijibu kuwa hakuna masharti yoyote, wajisalimishe sasa hivi. Buckner aliliona jibu hilo kuwa la ukatili, lakini hakuwa na la kufanya. Wakatekwa askari zaidi ya 12,000, na Grant akawa shujaa wa magazeti. Ila kabla Buckner hajapelekwa kifungoni, Grant alimvuta kando, akampa mfuko wake wa pesa achukue atakacho. Mimi sehemu hii ndiyo hunigusa kuliko zote. Kazini hakumpendelea hata chembe. Nje ya kazi hakulisahau deni la fadhila.

Vita vilikwisha kwa upande wao tarehe 9 Aprili 1865 katika kijiji cha Appomattox, Jenerali Lee aliposalimu amri kwa Grant. Grant aliwaachia maafisa silaha zao za kiunoni, na kila askari mwenye farasi au nyumbu wake aende naye nyumbani kulimia, na jeshi lenye njaa likapewa chakula. Kesho yake maafisa wa pande zote mbili wakaamkiana kama watu waliopotezana miaka mingi. Longstreet alisimulia kuwa Grant alimshika mkono na kumkaribisha wacheze tena karata kama zamani.

Sasa ngoja. Nilipofika hapa nilijiuliza: je, wale watu weusi karibu milioni nne waliokuwa utumwani vita vilipoanza, wangesema nini kuhusu karata hizo? Ni rahisi waliosoma pamoja kusameheana makosa waliyowatendea wengine. Grant mwenyewe aliwahi kumiliki mtumwa, William Jones, akamwachilia huru mwaka 1859, ingawa kwa shida aliyokuwa nayo angeweza kumuuza. Alipokuwa rais, mwaka 1869 hadi 1877, alitumia jeshi na mahakama kulipiga vita kundi la Ku Klux Klan lililokuwa likiwaua weusi. Naye Longstreet? Ajabu ya Musa! Mwaka 1869 Grant alimpa kazi ya forodha New Orleans, na mwaka 1874, bandari ile ilipovamiwa na wazungu wenye silaha waliotaka kuipindua serikali ya jimbo, Longstreet aliongoza polisi na wanamgambo, wengi wao weusi, kuwazuia. Walishindwa siku hiyo, na watu wa Kusini wakamwita msaliti maisha yake yote. Kwa hiyo siwezi kusema urafiki ule ulikuwa wa karata tu.

Tusimpake mafuta sana. Kuwaamini watu wake kulimponza. Katibu wake Orville Babcock, naye wa West Point ingawa wa miaka ya baadaye, alihusishwa na kashfa ya kukwepa kodi ya pombe mwaka 1875, na Grant akamtetea mpaka watu wakashangaa.

Alipotoka madarakani alizunguka dunia. Mwezi wa Januari 1878 alifika Misri, huku kwetu Afrika, na aliyekuja kumlaki kituoni Kairo ni Charles Stone, aliyekuwa nyuma yake West Point kwa miaka miwili. Stone sasa alikuwa mkuu wa watumishi wa jeshi la mtawala wa Misri. Kichwa kilikuwa kimejaa mvi, na Grant akatania kwamba lazima jamaa amezipaka nywele rangi nyeupe.

Mwaka 1884 kampuni aliyowekeza pesa zake ilianguka kwa ulaghai wa mshirika wake, akawa maskini tena. Mwaka huo huo akapatikana na saratani ya koo. Akaanza kuandika kumbukumbu zake ili Julia asije akafa njaa, akiandika huku hawezi kumeza wala kulala. Tarehe 10 Julai 1885, mlimani Mount McGregor, mgeni alibisha hodi. Alikuwa Buckner na mke aliyemwoa mwezi uliotangulia. Grant hakuweza kusema tena, akamjibu kwa penseli kwenye vikaratasi, akifurahi kwamba ameishi kuona watu wa Kaskazini na Kusini wakipatana. Alifariki tarehe 23 Julai, siku chache baada ya kumaliza kitabu. Kitabu kiliuzwa vibaya mno, Julia akapata dola laki nne na zaidi.

Mazishi yalifanyika New York tarehe 8 Agosti 1885. Kati ya waliolisindikiza jeneza walikuwamo Sherman na Sheridan wa Kaskazini, pamoja na Joseph Johnston na Buckner wa Kusini, wote wanne wa West Point. Buckner baadaye alikuwa gavana wa Kentucky, akaishi hadi mwaka 1914, na akiwa mzee wa miaka 80 na kitu bado aliwasimulia watu habari za bili ya hoteli na mfuko wa pesa.

Kijitabu cha jirani yangu bado kiko nami. Nimeshaandika anwani ya nyumbani na kwamba napenda githeri. Nafasi ya ahadi nimeiacha wazi. Nitamrudishia leo jioni baada ya prepu, na ile mia yake nimeikunja ndani.