Sam Walton, mzee wa bei chee



Safari hii ni zamu yangu kuandika juu ya mtu mashuhuri aliyetangulia mbele ya haki, na najua wengi mlitegemea niwaletee Nkrumah au Sokoine. Naomba mnivumilie. Nawaletea muuza duka wa mashambani kutoka Arkansas, Marekani, ambaye hakuwahi kuwa na duka hata moja Afrika na alifariki toka 1992. Anaitwa Sam Walton. Kama unadhani hakuhusu, angaza macho chumbani kwako. Birika la umeme, blanketi la baridi ya Juni, sufuria ya ugali: kama ulivinunua Game au Makro hapa Johannesburg miaka hii, basi pesa yako imepitia kwenye kampuni aliyoianzisha yeye. Na mwishoni mwa 2025 jina lenyewe la Walmart likabandikwa kwa mara ya kwanza kwenye duka la nchi hii, pale Clearwater Mall, Roodepoort.

Sababu ya pili ni ya kwangu binafsi. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipanga chumba kwenye nyumba ya mama mmoja aliyekuwa keshia wa duka kubwa, jina la duka naliacha. Kila Ijumaa alikuwa anasubiri kuambiwa wiki inayofuata atafanya kazi saa ngapi. Wiki nyingine saa 40, wiki nyingine 15, lakini kodi ya nyumba haikuwa na wiki ya 15. Januari ilipofika, sare za shule za watoto alizinunua duka lile lile, maana ndiko zilikokuwa rahisi kuliko kwingine kote. Jambo hilo lilinikaa kichwani. Bei ndogo ilimsaidia, na bei hiyo hiyo ilitoka kwenye saa zake. Nilipoanza kusoma maisha ya Sam Walton nilikuwa natafuta jibu la fumbo hilo.

Alizaliwa tarehe 29 Machi 1918 katika mji mdogo wa Kingfisher, Oklahoma, na akakulia Missouri. Utoto wake ulipita kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Baba yake, Thomas, alifanya kazi ya kudai mikopo ya mashamba, na wakulima wakishindwa kulipa, yeye ndiye alikwenda kuwanyang'anya ardhi. Kijana Sam mara nyingine alifuatana naye, akaona familia zinavyopoteza kila kitu. Nyumbani kwao nako hakukuwa na raha ya pesa. Alikamua ng'ombe, akauza maziwa ya ziada, akasambaza magazeti, na kwa mwendo huo akamaliza shahada ya uchumi Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1940. Sisi tunaofundisha tyusheni na kusuka nywele ili tulipe ada tunamwelewa vizuri.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa duka la J.C. Penney mjini Des Moines, kwa dola 75 kwa mwezi. Vita vikaja, akaingia jeshini, na 1943 akamwoa Helen Robson, binti wa mwanasheria mwenye uwezo. Vita vilipokwisha 1945 alinunua duka dogo la vikorokoro huko Newport, Arkansas. Bei ilikuwa dola 25,000: tano elfu zake mwenyewe, ishirini elfu mkopo wa baba mkwe. Tusisahau hilo tunapoambiwa alianza mikono mitupu.

Hapo Newport ndipo alipoona siri yake, na siri yenyewe ilikuwa kwenye chupi za kina mama. Msambazaji wake alikuwa anamuuzia dazeni kwa dola 2.50, naye anauza chupi tatu kwa dola moja. Akampata mtu New York anayetoa dazeni kwa dola 2. Mwingine angebaki na bei ya zamani na kuchukua faida nono. Yeye aliuza nne kwa dola moja. Piga hesabu: zamani kila dazeni ilimwachia dola 1.50, sasa inamwachia dola 1 tu. Lakini zilikwenda nyingi mno, na jumla ya faida ikawa kubwa kuliko mwanzo. Biashara yake yote iliyofuata imejengwa juu ya hesabu hiyo.

Halafu akapigwa mweleka. Mkataba wake wa pango ulikuwa wa miaka mitano na haukuwa na kipengele cha kuongeza muda. Mwenye jengo alipoona duka linavyotema pesa, 1950 akakataa kumwongezea, akalichukua kwa ajili ya mwanawe. Sam akafungasha virago na familia yake hadi mji mdogo zaidi, Bentonville, akaanza upya. Wandugu mnaosaini mikataba ya vyumba Braamfontein bila kusoma, hapo kuna somo la bure.

Tarehe 2 Julai 1962, akiwa na miaka 44, alifungua Wal-Mart ya kwanza mji wa Rogers, Arkansas. Wakubwa wa biashara hiyo waligombania miji mikubwa. Yeye alikwenda kwenye vimiji ambavyo hakuna aliyevitaka. Alijifunza kurusha ndege ndogo, akawa anazunguka angani akitafuta njia panda yenye watu lakini haina duka.

Mimi ni mtu wa uhandisi, na hapa lazima nikiri kwamba jamaa alikuwa si mchezo. Alijenga ghala kwanza, kisha akazungusha maduka kulilizunguka, yote yakiwa umbali ambao lori linaweza kwenda na kurudi ndani ya siku. Malori yakishashusha mzigo dukani yalipitia kwa watengenezaji kubeba shehena nyingine, yasirudi matupu. Aliwekeza kwenye kompyuta na mashine za kusoma mistari ya bei wakati wengi waliona ni anasa, na 1987 mtandao wake wa satelaiti ukaunganisha maduka yote na makao makuu. Sabuni ikiuzwa, Bentonville wanajua. Sehemu kubwa ya bei ile ndogo ilitoka kwenye akili ya namna hiyo, na hakuna aliyeibiwa.

Mwenyewe aliishi kama mtu wa kawaida. Jarida la Forbes lilipomtaja 1985 kuwa tajiri namba moja Marekani, waandishi walimkuta akiendesha pikapu kuukuu ya Ford yenye mbwa wake wa kuwindia nyuma. Safarini yeye na mameneja wake walilala wawili wawili chumba kimoja. Mwaka 1984, baada ya kushindwa dau na msaidizi wake kuhusu faida ya mwaka, alivaa sketi ya majani na kucheza ngoma ya Hawaii katikati ya Wall Street. Wafanyakazi aliwaita washirika, akawatembelea, akawauliza maswali, akaandika majibu kwenye kidaftari. Wengi wao walimpenda kweli kweli.

Sasa tuje kwenye mshahara. Mwaka 1961 sheria ya Marekani ya kima cha chini ilipanuliwa ikabana na kampuni za rejareja zenye mauzo ya zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka. Sam alidai kwamba kila duka lake ni kampuni ndogo inayojitegemea, kwa hiyo sheria haimgusi. Mahakama haikukubali, ikamlazimu awalipe wafanyakazi kilichopungua. Wengi wao walikuwa kina mama wa mashambani ambao hawakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Uzeeni, katika kitabu cha maisha yake, alikiri mwenyewe kwamba siku za mwanzo alikuwa bahili mno kwa watu wake.

Mke wake Helen ndiye aliyemsukuma, akimwuliza inakuwaje mameneja wapate mgao wa faida na wale wa chini wasipate. Mwaka 1971 Sam aliufungua mpango wa mgao kwa wafanyakazi wa kawaida. Hisa za kampuni zilipopanda, baadhi ya makeshia na madereva wa malori walistaafu na pesa ambazo hawakuwahi kuziota. Hilo ni la kweli na ni haki yake tumpe. Ila upande wa pili, miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1970, vyama vya wafanyakazi vilipojaribu kuingia kwenye maduka yake huko Missouri, aliajiri mwanasheria mzoefu wa kupambana navyo, na toka hapo mlango ukafungwa. Kwa fikra zake, bosi mwema akiwepo, chama hakina kazi. Alitaka kutoa kwa hiari yake. Kudaiwa hakutaka.

Mwezi Machi 1992 Rais Bush mkubwa alisafiri hadi Bentonville kumvika nishani ya juu ya raia. Sam alikuwa anaumwa saratani, na tarehe 5 Aprili akafariki, akiacha maduka ya Wal-Mart zaidi ya 1,700. Aliacha pia lile swali: bosi mwema akishakufa, wema wake anabaki nao nani?

Jibu mojawapo lilitolewa hapa hapa. Septemba 2010 kampuni yake ilitangaza nia ya kuinunua Massmart, wenye Game na Makro, ambao makao yao ni Johannesburg. Chama cha wafanyakazi wa maduka, SACCAWU, kikasimama, na COSATU na serikali wakaingia. Mei 2011 Baraza la Ushindani liliruhusu ununuzi, lakini kwa masharti: kwa miaka miwili asipunguzwe mfanyakazi kwa sababu ya ununuzi huo, kwa miaka mitatu haki za chama ziheshimiwe, na utengwe mfuko wa randi milioni 100 wa kuwainua wazalishaji wa nchini. Kesi ikapanda juu. Machi 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani iliamuru wafanyakazi 503 waliopunguzwa 2010 warudishwe kazini, na baadaye mfuko ukafika randi milioni 240.

Nguvu hiyo haikuota kama uyoga. SACCAWU ni mtoto wa CCAWUSA, chama alichokianzisha mama Emma Mashinini mwaka 1975, mzaliwa wa Johannesburg aliyetoka kiwanda cha nguo. Mwaka 1981 makaburu walimkamata, wakamweka ndani karibu miezi sita bila mashtaka, muda mwingi akiwa peke yake. Chama kikaendelea, na Desemba 1986 wafanyakazi wa OK Bazaars, duka la bei chee la enzi hizo, walianza mgomo uliovuka hadi 1987. Wale 503 walirudi kazini kwa sababu kulikuwa na watu waliokwishalipia njia.

Kwetu Afrika Mashariki je? Wengi mnakumbuka Game ya Mlimani City, Dar, ile ya Lugogo, Kampala, na za Nairobi. Mwaka 2022 zote zilifungwa, Massmart ikajiondoa, na duka lililokuwa sehemu ya kutembelea Jumamosi likabaki milango imefungwa.

Nimalizie na langu. Utafiti wangu ni wa kupanga kazi maghalani kwa kompyuta, na bila shaka wenzangu wengi wa uhandisi mtaishia kwenye kazi kama hizo. Kwenye programu niliyoandika, saa za mfanyakazi zilikuwa namba tu ya kupunguza, kama dizeli. Nikimaliza kusoma habari za Sam niliirudia ile programu na kumkumbuka mama mwenye nyumba wangu akisubiri Ijumaa. Nimeongeza sharti: kila mtu apate saa zisizopungua kiwango fulani, na ajue ratiba wiki mbili kabla. Gharama ilipanda kidogo. Msimamizi wangu aliuliza sharti hilo limetoka wapi, nami sikuwa na fomula ya kumwonyesha. Nilimsimulia habari za sare za shule. Akanyamaza kidogo, akaniambia niliache sharti lakini niandike ukurasa mmoja wa kulitetea.

Sam Walton alituonyesha kwamba bei inaweza kushushwa kwa akili, na pia kwamba inaweza kushushwa kwa kumminya aliye chini. Kwenye risiti zote mbili zinafanana. Anayejua tofauti ni yule aliyeipanga kazi, na kesho wandugu, waipangaji ni sisi.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.