Al-Buzjani: Mwanahesabu Aliyekaa na Mafundi

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa hii tunamkumbuka Abul Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa Buzjan, Khurasan, mwaka 940. Mwaka 959 alihamia Baghdad, na huko ndiko alikofariki mwaka 998.

Aliwaandikia mafundi kitabu cha jiometri. Katika vikao vyao aligundua kwamba wanazuoni walijua kuthibitisha umbo lakini si kulikata, ilhali mafundi walikadiria kwa macho na kosa likabaki kazini. Akawaonyesha namna ya kukata miraba mitatu iliyo sawa na kuiunganisha kuwa mmoja, pasibaki kipande. Akaeleza uchoraji wa pembetano ya pande sawa, ambayo ulalo wake ni takriban mara 1.618 ya ubavu, yaani uwiano wa dhahabu. Akaeleza pia kuligawa tufe kwa maumbo ya namna hiyo.

Basi wazazi, kuanzia Kagerankanda mkoani Kigoma hadi pwani, tuwape watoto wetu boksi tupu, rula na mkasi. Wakate pembetano 12 zilizo sawa, waziunganishe ziwe umbo moja lililofungika. Kingo zisipokutana, wapime upya, wasizilazimishe kwa gundi. Uaminifu katika kazi huanzia hapo.

Wabillahi tawfiq.