Brutus: Shujaa au Msaliti?

Hakuna asomaye tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, asibishane na wenzake: je, Brutus ni shujaa au msaliti? Hebu kwanza tutazame maisha yake.

Marcus Brutus alizaliwa Roma yapata mwaka 85 K.K. Angali mtoto, babake aliuawa kwa amri ya Pompey. Lakini vita vilipozuka mwaka 49 K.K., alijiunga na Pompey huyo huyo dhidi ya Caesar, akiamini kuwa anaitetea jamhuri. Walishindwa. Caesar akamsamehe, tena akampa jimbo atawale.

Msidhani alikuwa malaika, jamani! Huko Salamis, kisiwani Kupro, mawakala wake waliwakopesha watu pesa zake kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka.

Caesar alipojifanya mtawala wa maisha, Brutus na wenzake walimdunga visu mbele ya Seneti, tarehe 15 Machi 44 K.K. Miaka miwili baadaye alishindwa vitani Philippi, akajiua. Jamhuri nayo haikupona: mwaka 27 K.K. Octavian, mrithi wa Caesar, akawa Augustus, mwenye enzi yote.

Maoni yangu ni haya. Aliyemuulia baba alimfuata, na aliyemsamehe alimuua, yote kwa sababu moja: jamhuri. Huo si moyo wa msaliti. Lakini watu wa Salamis wangemwita shujaa? Haya, wa upande wa pili, jibuni!