Karen Blixen na Lugha ya Shambani: Kuitathmini Upya Filamu ya Out of Africa

Filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack mwaka 1985, ilitunukiwa tuzo 7 za Oscar. Tangu hapo watazamaji wengi wamemjua mwandishi Karen Blixen kwa mapenzi yake na Denys Finch Hatton. Makala haya yanadai kuwa filamu hiyo imeficha jambo la msingi katika maisha yake, yaani lugha.

Karen Dinesen alizaliwa Rungsted, Denmark, mwaka 1885. Januari 1914 aliwasili Mombasa, akaolewa na Bror von Blixen-Finecke, kisha wakaelekea bara kulima kahawa karibu na vilima vya Ngong. Ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa na serikali ya kikoloni. Wakikuyu walioishi shambani walihesabiwa kuwa maskwota, wakalipia makazi yao kwa kazi. Ndoa ilivunjika mwaka 1925. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, Finch Hatton akafa katika ajali ya ndege huko Voi, na Blixen akarejea Denmark. Kitabu chake kuhusu shamba hilo kilitoka mwaka 1937. Alifariki mwaka 1962.

Katika miaka hiyo 17, Mdenmark huyu, msimamizi wake Msomali Farah Aden, na mpishi wake Mkikuyu Kamante Gatura walikutanishwa na Kiswahili. Hali hiyo si ngeni kwa msomaji wa Dodoma, ambako Kigogo, Kirangi na Kisandawe huishi kando ya Kiswahili. Blixen mwenyewe anasimulia kwamba kijana wa Kiswidi aliyemfundisha kuhesabu aliona haya kutamka tisa, kwa kuwa neno hilo lina mwangwi mbaya masikioni mwa Waswidi. Akamwambia kuwa Kiswahili hakina namba hiyo. Kwa muda Blixen alisadiki, akastaajabia lugha isiyo na tisa. Kisa hiki chadhihirisha kuwa aliingia katika lugha hii akiwa mwanafunzi, tena wa mwalimu dhaifu.

Katika filamu, uanafunzi huo umefifia. Farah huzungumza naye kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, na Kiswahili kimebaki kama pambo la mandhari. Hata juhudi za Blixen kuwaombea maskwota ardhi ili wasitawanywe zimegeuzwa kuwa tendo la mwanamke kumpigia gavana magoti, huku wenye shida wakikaa kimya.

Ni haki kukiri kwamba kitabu nacho kimeandikwa na mwenye shamba, na Waafrika husikika humo kwa hiari yake. Hata hivyo, kitabu hicho hakisemi mengi kuhusu mapenzi. Watunzi wa filamu waliyachota zaidi katika vitabu vya wasifu. Masimulizi ya Kamante mwenyewe yalikuwa yamekwisha kuchapishwa mwaka 1975, miaka 10 kabla ya filamu. Hivyo sauti ya upande wa pili ilikuwapo. Mtafiti atakayeishughulikia filamu hii hana budi kuyasoma masimulizi hayo kwanza.